Kitambaa Chekundu cha Ghorofa ya Juu

Jumatatu, 13 Machi

Siku kubwa inakuja. Diwani ametangaza leo mbele ya ofisi nzima, yaani mimi, Bibi Ndoo na mfagiaji. Jumamosi jioni atatoa taarifa kwa wakazi. Tumepona kiasi gani tangu maradhi yatuache, na je, mitaa yetu ni salama. Uwanja wa soko, jua likizama, taa zikianza kuwaka. Mwisho wa taarifa watu watanyoosha mikono: soko la jioni lifunguliwe, au libaki limefungwa. Halmashauri imesema itaifuata mikono hiyo.

Nikauliza kwa nini jioni, ilhali kila mtu anajua watu wanaogopa jioni, giza na wezi. Akajibu kwamba ndiyo maana. Mama huyu! Mimi ningekaa juma zima na kikombe cha chai nisipate jibu fupi kama hilo.

Mikono hiyo inanihusu hata nyumbani. Mke wangu ni fundi cherehani. Alikuwa na kibanda soko la jioni, watu wakitoka kazini wanampitia na suruali zao. Soko lilipofungwa, cherehani ikahamia sebuleni, kati ya kochi na kitanda cha mama yake. Siku hizi tunakula tumeinua miguu ili tusikanyage nguo za watu. Mke wangu halalamiki. Anaikanyaga tu cherehani kwa nguvu zaidi nikiingia.

Nimempa Mama mkwe habari ya Jumamosi. Amesema hatoki nje baada ya magharibi hata aitwe na malaika. Hajatoka jioni tangu maradhi yaanze. Kwa hiyo tumeshakosa mkono mmoja, na mkono wenyewe unakula kwangu.

Jambo la mwisho, chungu. Atakayemkaribisha Diwani jukwaani ni Bibi Ndoo. Huyu ni afisa afya wetu, jina alilipata kwa kuweka ndoo ya kunawia mikono kila kona ya kata, mpaka mlangoni kwa kinyozi. Sikatai, ndoo zilisaidia. Lakini mimi ndiye msaidizi wa Diwani, na mimi nimepewa kipaza sauti. Si kukisemea. Kukibeba.

Jumanne, 14 Machi

Diwani kachelewa kidogo, kafika anahema. Ni kawaida yake kila asubuhi. Mazoezi, bila shaka. Umri ule, nidhamu ile! Mimi nikipanda ngazi za ofisini nahitaji kiti.

Amenipa rasimu ya taarifa niisome. Nzuri mno. Zahanati ina dawa tena. Shule imejaa tena madawati yote. Walinzi wa mtaa, watu wazima wa kujitolea wenye filimbi na tochi, wanazunguka kila jioni. Nilipofika katikati nilijivuna kana kwamba nimeiandika mimi. Kisha nikafika pale anaposema: taa tatu za barabarani haziwaki, na sijui zitawaka lini.

Nikamshauri kwa adabu kwamba hapo pafutwe. Nikamweleza kwamba taarifa ni kama bwana harusi, haendi ukweni akaanza kutaja jino lililooza. Akacheka, akasema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba watu wa kata hii walizika ndugu zao wakiwa wameambiwa ukweli, hataanza kuwadanganya leo kwa sababu ya taa.  Nikamrudishia rasimu kwa mikono miwili.

Lakini mtu mwema kama huyu anahitaji mtu mjanja nyuma yake, bila yeye kujua. Ndiyo kazi ya msaidizi.

Mchana nikaenda uwanjani kukagua jukwaa. Nikasimama pale atakaposimama yeye. Nikainua macho. Nikaona msiba.

Ieleweke kwa watakaoisoma shajara hii, na wataisoma. Wakati wa maradhi, nyumba yenye shida ilitundika kitambaa chekundu dirishani. Diwani alipita asubuhi mtaa kwa mtaa, akiona chekundu anapanda. Maji, dawa, unga, chochote. Alibeba madumu mwenyewe, nilimwona. Mimi nilimbebea daftari. Maradhi yalipopungua vitambaa vikashushwa kimoja kimoja, mpaka tukasahau kwamba viliwahi kuwapo.

Kimebaki kimoja. Ghorofa ya tatu, jengo la kona ng'ambo ya mapaa ya ghala, dirisha linatazamana na jukwaa. Chekundu kimepauka, kinapepea. Yeye atasema tumepona, na watu elfu watakuwa wanatazama kitambaa kinachosema bado!

Wenyeji wanasema hapo anakaa Mzee wa Saa, fundi saa mstaafu, mkewe alifariki kwenye maradhi. Bila shaka kakisahau. Lazima kiondoke kabla ya Jumamosi. Nimefikiria kubisha hodi, nikalitupa wazo hilo. Hodi huleta maswali.

Jumatano, 15 Machi

Mpango wa Kwanza: ufito mrefu, ndoano nchani, paa la jengo la jirani.

Upepo haukuwa upande wangu. Ndoano ilipita mbali na kitambaa, ikanasa kwenye kamba ya nguo, ikaniletea suruali. Suruali kubwa, ya kijivu, mbichi. Nilijaribu kuirudisha kwa ufito uleule, ikaanguka uani. Mwanamke akatoka, akaiokota, akatazama juu. Nikalala kifudifudi juu ya bati la moto kwa muda ambao sitaki kuukumbuka.

Jioni mke wangu akauliza kwa nini shati limechapwa mistari ya bati. Nikasema kazi za ofisi.

Bibi Ndoo leo alikuwa anafanya mazoezi ya hotuba yake ya kumkaribisha Diwani. Ni fupi na nzuri. Inaudhi.

Alhamisi, 16 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umeteguka.

Mpango wa Pili ulikuwa ngazi. Niliiazima kwa fundi mpaka rangi, nikasubiri giza lianze kuingia. Taa ya kona ile ni mojawapo ya zile tatu zisizowaka, na nikajipongeza: ubaya wa taa nimeugeuza faida. Nikavaa barakoa nisitambulike. Miaka ya maradhi ningekuwa mmoja kati ya maelfu. Leo nilikuwa mtu mmoja tu mwenye barakoa katika kata nzima, amebeba ngazi.

Nilifika ghorofa ya pili. Ngazi ikaishia hapo. Nikasimama juu ya ukingo wa dirisha la watu, nikanyoosha mkono, vidole vinakaribia kabisa. Filimbi. Filimbi ya pili upande wa pili. Tochi tatu usoni. Sijawahi kuona kazi safi namna ile. Walinzi wa mtaa walinizingira kabla sijatafuta uongo wa kwanza. Mama mmoja alishika ngazi, mwingine akanishika mguu, na mkuu wao akaniomba kwa heshima zote nishuke, la sivyo atanishusha. Alikuwa amevaa suruali kubwa ya kijivu. Nikashuka, vidato vya mwisho kwa kuanguka, mkono wa kulia chini, shati likachanika.

Waliponivua barakoa walisikitika. Mkuu wa walinzi akaniambia kumbe hata mimi, mtu wa ofisi, ni mwizi, na kwamba jana tu yeye mtu kajaribu kumwibia nguo kwenye kamba. Nikatikisa kichwa kulaani dunia ilivyoharibika.

Diwani akaitwa. Alikuja na kandambili, kaacha chakula mezani. Hapo ndipo akili yangu inapong'aa, wakati wa dhiki. Nikamwambia nilikuwa naujaribu ulinzi. Nimejifanya mwizi makusudi, tuone kama walinzi wako macho kabla hujawasifu Jumamosi. Akaitazama ngazi, akanitazama mimi. Kisha akawageukia walinzi, akawapongeza mmoja mmoja, akauliza habari za magoti ya huyu na mjukuu wa yule. Wakaondoka wamevimba vifua. Mimi akaniambia nipeleke ngazi kwa mwenyewe na niende nikapumzike. Hakuuliza swali hata moja. Nadhani ameniamini. Ama ana huruma kuliko nilivyodhani, na nilishadhani anayo nyingi.

Ijumaa, 17 Machi

Kata nzima inajua. Kinyozi kaniuliza kama nataka anyoe au nitapitia dirishani.

Mama mkwe amefurahi. Kila siku alisema nje kuna wezi, sasa kapata ushahidi, na mwizi mwenyewe anakaa naye nyumba moja.  Mke wangu alishona mkono wa shati langu lililochanika, akaurudisha ukiwa umekaza kidogo.

Bibi Ndoo aliniletea dawa ya kuchua mkono. Akasema pole, kwa sauti ya mtu anayesema pole kweli. Sijui anapanga nini.

Jumamosi, 18 Machi

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia mchana.

Diwani alikuja asubuhi anahema kama kawaida. Kitambaa nacho kilikuwa palepale. Saa tisa nikaishiwa mbinu zote, ikabaki ile niliyoidharau. Nikapanda ngazi, nikabisha hodi.

Mzee wa Saa alifungua haraka kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango. Mdogo wa mwili, msafi, kofia kichwani, saa ukuta mzima, zote zinatembea. Nikamwamkia. Nikasema natoka ofisi ya kata, tunapitia nyumba kufua vitambaa vya dirishani, huduma mpya. Hakuuliza chochote. Alisema karibu, karibu, akaniwekea kiti. Mezani kulikuwa na vikombe viwili, kimoja chake, kingine kimefunikwa na kisahani. Akasema hicho ni cha mgeni wake wa asubuhi, binti mmoja anayekuja kila siku, hunywa chai bila sukari na kumfunga katika drafti. Nikadhani ni jamaa yake.

Tukacheza drafti. Nilifungwa. Anaiba, huyu mzee! Anasema saa fulani ukutani haiendi sawa, unageuka kutazama, ukirudi kete yako haipo. Nilisahau kilichonipeleka. Kwa kweli nilicheka, sijacheka hivyo tangu cherehani iingie sebuleni.

Wakati wa kuondoka nikaomba kitambaa. Akakishusha mwenyewe, akakikunja vizuri. Akasisitiza kirudi kabla ya asubuhi, kwa sababu mgeni wake hukitazama. Nikaahidi. Nikakitia mfukoni, nikashuka ngazi napiga mluzi. Dirisha jeupe kabisa. Taarifa imeokoka, na hakuna atakayejua ni nani aliyeiokoa.

Uwanja ulijaa. Ulijaa! Lakini watu walisimama karibu na njia za kutokea, mikono imekunjwa, kila mmoja anatazama jua limebaki kiasi gani. Mke wangu alikuja. Na Mama mkwe alikuja, kwa sharti kwamba ataondoka kabla taa hazijawaka. Bibi Ndoo alikaribisha vizuri. Basi.

Kisha Diwani akapanda, na mimi nikasimama pembeni yake nimeshika kipaza. Hakupamba kitu. Alitaja waliofariki, si kwa hesabu, kwa kazi zao: mwalimu wa darasa la pili, dereva wa gari la taka, mama aliyeuza maua. Watu wakaanza kufuta macho. Akataja taa tatu. Akasema sijui zitawaka lini, nikijua nitawaambia. Nilifumba macho nikisubiri azomewe. Wakapiga makofi. Sielewi mpaka sasa.

Halafu akasema watu wanamuuliza kama tumepona, na yeye hawezi kusema ndiyo yote. Akasema kuna mzee kwenye kata hii, mkewe alifariki, na yeye hakushusha kitambaa. Wamekubaliana wao wawili. Kila siku asubuhi Diwani anapita. Kitambaa kikiwapo, yupo, anapanda wanywe chai. Siku kisipoonekana, ajue kuna jambo, apande mbio. Kwa hiyo kitambaa kile si aibu ya kata, akasema. Ndicho kinachotukumbusha kupanda ngazi. Akageuka, akanyoosha kidole.

Dirisha lilikuwa tupu.

Nimefanya kazi na mama huyu katika maradhi, katika mafuriko, katika uchaguzi. Sijawahi kumwona akiogopa. Uso ulimkauka. Taarifa ikamponyoka mkononi.  Mfukoni mwangu kitambaa kilikuwa kizito kama jiwe.

Akaruka toka jukwaani. Diwani wa kata, na viatu vya mkutano, mbio! Na uwanja mzima ukamfuata. Hakuna aliyetazama jua. Lilikuwa limeshazama. Wakakata barabara, wakapita uchochoro wa nyuma ya ghala, ule ambao watu hawaupiti hata saa kumi jioni, wakapita kona ya taa isiyowaka gizani wakishikana mikono. Walinzi mbele na tochi. Mimi nyuma na kipaza, ambacho nilisahau kukizima. Naambiwa kata nzima ilinisikia nikihema na kusema mama yangu, nimekwisha, mama yangu, nimekwisha.

Kwenye ngazi za lile jengo nilipitwa na Mama mkwe. Alikuwa ameshika viatu mkononi.

Mlango ulikuwa wazi. Mzee wa Saa alikuwa jikoni, birika mkononi, saa zake zote zinagonga kwa pamoja, hakusikia kitu. Akageuka, akamwona Diwani mlangoni na nyuma yake kata yote mpaka barabarani. Akasema karibuni, ila vikombe havitatosha.

Diwani akakaa pale pale kwenye ngazi. Akalia kidogo, hakujificha.  Mimi jasho linanitiririka machoni, sioni. Nikatia mkono mfukoni, nikatoa kitambaa, nikajifuta uso.

Nilipokishusha, kila mtu alikuwa ananitazama. Mama mkwe ndiye aliyesema, kwa sauti ya kusikika hadi chini: kikulacho ki nguoni mwako.

Diwani alisimama. Hakupiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alisema yeye alipanda ngazi zile akijua anakwenda kumfumba marehemu macho. Nikasema nilitaka taarifa yake ionekane nzuri. Nikatazama viatu vyangu. Niliona aibu, naandika hapa kwa sababu ni kweli, ilidumu muda mzuri tu.

Mzee wa Saa akaniokoa. Akasema kitambaa chenyewe kilikuwa kinanuka vumbi, na kwamba kijana huyu ni mgeni mwema, hajui tu kucheza drafti. Mtu akacheka chini kule. Kicheko kikapanda ngazi ghorofa kwa ghorofa kikamfikia Diwani, naye akashindwa kujizuia.

Hapo ndipo akatazama nje, akaona giza. Akatazama watu. Akauliza wanaotaka soko la jioni lifunguliwe ni akina nani. Mikono ikapanda toka mlangoni mpaka barabarani, waliokuwa wameshika reli wakainua mkono wa pili.  Hakuwaambia kwamba wametoka kukatiza mitaa gizani. Aliwaacha wajionee wenyewe, wakatazamana, wakaona.

Mama mkwe alinyoosha mkono ulioshika viatu. Mke wangu alinyoosha yote miwili.

Jumapili, 19 Machi

Nimelala usingizi wa mtu aliyefanikiwa.

Nimelitafakari jambo lote kwa utulivu. Bila mimi, Diwani angesoma taarifa yake pale uwanjani, watu wangepiga makofi, wangekimbilia majumbani kabla ya giza. Ni mimi niliyewatembeza. Sisemi kwamba nilipanga kila hatua. Nasema tu kwamba matokeo yanafanana sana na mpango.

Asubuhi nimerudisha kitambaa. Kimefuliwa, mke wangu kakikunjia pindo jipya, mshono mdogo mzuri. Diwani alikuwa pale na chai yake isiyo na sukari. Akaniambia kwamba kuanzia kesho nitakuwa napanda naye kila asubuhi, na siku akiwa na safari nitapanda peke yangu. Bibi Ndoo hajapewa kazi hiyo. Nimepewa mimi. Ni cheo, ingawa hakukiita hivyo. Mzee akanifunga drafti. Nilimkamata akiiba mara moja tu, naye akasema saa ya kona haiendi sawa.

Cherehani itatoka sebuleni Jumatano. Mke wangu leo aliikanyaga taratibu nilipoingia. Mama mkwe amenisalimia.

Nilipokuwa nashuka Diwani alinifuata mpaka kwenye ngazi. Akaniambia kazi yetu si kuifanya kata ionekane nzuri. Kazi yetu ni kuitazama. Maneno mazito. Nimeyaandika hapa neno kwa neno, yasipotee. Siku moja yatachongwa ukutani.

Na kwa sababu mtu anayesema maneno kama hayo hastahili kusimama mbele ya halmashauri Ijumaa na kutaja tena taa tatu zisizowaka, nimekwishalifanyia kazi. Kwenye maegesho ya magari ya halmashauri kuna taa tatu zinazowaka vizuri kabisa, juu ya magari ambayo usiku hayapo. Hazina kazi pale. Yule fundi mpaka rangi amenipa ngazi tena, hakuuliza. Walinzi wa upande ule siwajui, nao hawanijui.

Safari hii sivai barakoa. Nimeazima miwani ya Mama mkwe.